MWENYE FUNGUO ZA SANDUKU LA WATU

Ijumaa tarehe 8 Oktoba, 2010, katika Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Lagos, nchini Nigeria, Jaji Dan Abutu alimsomea hukumu mama mmoja aliyekwisha kupita umri wa miaka sitini. Mama huyo alikuwa Bibi Cecilia Ibru, ambaye kwa muda wa miaka kumi na zaidi alikuwa mkuu wa Oceanic Bank, mojawapo ya benki kubwa za nchi ile. Alishitakiwa makosa 25. Akakiri matatu, na yale mengine 22 yakaachwa kwa mapatano baina ya pande mbili.

Hukumu yenyewe ilikuwa hivi. Kwa kila kosa kati ya matatu alipewa kifungo cha miezi 6, jumla yake miezi 18. Lakini vifungo hivyo vitatumikiwa kwa pamoja, kwa hiyo miezi 18 ya karatasini ikawa miezi 6 ya kweli. Kisha hukumu ikaendelea, na hapa ndipo wengi waliposhika vinywa. Bibi huyo aliamriwa aiachie Serikali mali yenye thamani ya naira bilioni 191, yaani dola za Marekani zipatazo bilioni 1.2. Bilioni moja, kwa msomaji asiyezoea hesabu hizi, ni milioni elfu moja. Katika mali hiyo mlikuwa na majumba na viwanja 94, vilivyotawanyika Nigeria, Dubai na Marekani, pamoja na hisa katika makampuni mengi.

Ukiigawa mali hiyo kwa siku za kifungo, utaona ya kwamba kila siku moja ilisimama badala ya naira bilioni moja na ziada. Tangu siku ile watu wameifanyia hukumu hiyo mzaha mwingi, na mpaka leo, kila itajwapo kesi ya mkubwa aliyeponyoka kwa adhabu ndogo, hukumu ya Lagos hutolewa mfano. Sisi hatuoni kwamba ni jambo la kuchekwa. Twaona kwamba ni jambo la kuchunguzwa polepole, maana ndani yake mna maswali mawili ambayo watu huyachanganya: mali ya watu irudi kwa njia gani, na aliyeichezea apate nini.

Yatupasa kwanza tukumbushane benki ni nini. Tulipokuwa wanafunzi wa bweni katika shule ya misheni, fedha zetu za matumizi hazikukaa mifukoni. Mwalimu mlezi wa bweni alikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na daftari. Siku ya kufungua shule kila mtoto alimkabidhi shilingi alizopewa na wazee wake, naye akaziandika mbele ya jina lake kwa wino; na kila Jumamosi tulipanga mstari mbele ya meza yake kuchukua kidogo kidogo, za sabuni na za maandazi. Kwa utoto wetu tuliamini ya kwamba noti zile zile tulizompa zimelala humo sandukuni zikitungoja. Sivyo. Baadaye tulipokuwa wakubwa tulipata kujua ya kuwa, katikati ya muhula, mwalimu aliwakopesha wapishi na walimu wenzake, nao wakarudisha mwisho wa mwezi. Wala hakuna mtoto hata mmoja aliyefika mbele ya meza ile akaambiwa hakuna. Mwalimu alijua ni nani aliyekopa, alijua atalipa kwa mshahara gani, na alijua Jumamosi ijayo watoto watahitaji kiasi gani.

Benki si kitu kingine ila sanduku lile, ijapokuwa imejengewa ghorofa za vioo na kuwekewa askari mlangoni. Fedha tuwekazo humo lugha yetu huziita amana, na neno hilo hilo twalitumia kwa kitu chochote mtu akupacho ukamtunzie: mbuzi, mtoto, siri. Karani wa benki anapoandika katika kijitabu chako kwamba umeweka laki moja, hakuandika kwamba benki inayo laki yako. Ameandika kwamba benki inadaiwa laki yako. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo, na mkuu wa benki aisahauye amekwisha kuanza safari ya kwenda mahakamani, hata kama itachukua miaka kumi kufika.

Sasa turudi Nigeria. Oceanic Bank ilianzishwa mwaka 1990 na jamaa ya Bwana Michael Ibru, mfanyabiashara mashuhuri aliyeanza tangu mwaka 1957 kuleta samaki wa barafu na kuwauzia watu waliokuwa hawajazoea kula samaki wa namna hiyo. Akafanikiwa mno. Jina la bahari lilikaa vyema juu ya benki ya watu waliotajirika kwa samaki. Mwaka 1997 Bibi Cecilia, mkewe Bwana Ibru, akakabidhiwa ukuu wa benki hiyo, na chini ya mkono wake ikakua kutoka benki ya kawaida mpaka ikawa miongoni mwa majina yaliyotajwa kwa fahari. Lazima tuseme kweli: alikuwa mwenye bidii na akili, na wafanyakazi wa benki nyingine walimtaja kwa heshima. Hakuwa mtu aliyeingia kazini kwa nia ya kuiba na kukimbia. Ndiyo sababu kisa chake chatufunza zaidi ya visa vya matapeli wa kawaida.

Mnamo Julai 2004, Gavana wa Benki Kuu ya Nigeria wa wakati huo, Profesa Charles Soludo, alitoa amri iliyotikisa nchi. Kila benki iwe na mtaji usiopungua naira bilioni 25 ifikapo mwisho wa mwaka 2005, badala ya bilioni 2 zilizotakiwa zamani. Isiyoweza, iungane na nyingine au ifunge. Kabla ya amri hiyo nchi ilikuwa na benki 89, nyingi zikiwa vibanda vyenye jina la benki. Muda ulipokwisha zikabaki 25. Nia ilikuwa njema, na Afrika nzima ilitazama kwa furaha: hatimaye zitakuwako benki za Waafrika zenye kifua kipana, zitakazokopesha viwanda na reli bila kwenda kubisha hodi Ulaya. Nasi tulifurahi.

Lakini mtaji huo ulitoka wapi? Ulitoka katika kuuza hisa kwa wananchi. Walimu na manesi, wenye maduka, wastaafu waliopewa kiinua mgongo chao, wote walikimbilia hisa za benki, kwa maana kila mwezi bei yake ilipanda. Kufika Machi 2008, kipimo cha bei za hisa katika soko la Lagos kilikuwa kimepita 66,000. Mwaka mmoja tu baadaye kilikuwa chini ya 20,000. Aliyekuwa na naira mia katika hisa alijikuta na thelathini.

Hapa yatupasa kueleza kilichokuwa kikitendeka nyuma ya pazia, kwa kuwa ndicho kiini cha habari yote. Tuseme mkuu wa benki ataka bei ya hisa za benki yake ipande. Hapo huundwa kampuni isiyo na kiwanda wala duka, yenye jina na sanduku la posta tu. Benki huikopesha kampuni hiyo fedha, na fedha za benki, kama tulivyoona, ni amana za wateja. Kampuni nayo huenda sokoni ikanunua hisa za benki ile ile. Kwa kuwa mnunuzi amepatikana, bei hupanda. Wananchi wakiona bei imepanda hudhani benki inastawi, nao huleta akiba zao. Ukiuliza mkopo ule uliwekewa rehani gani, utajibiwa kwamba rehani yake ni hisa zilizonunuliwa. Ni mfano wa mtu aliyejifunga kamba kiunoni, akaishika ncha yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akajitupa kisimani akitumaini kwamba kamba itamvuta juu.

Mchezo huo huenda vizuri maadamu bei inapanda. Mwaka 2008 dunia ilipoingiwa na dhoruba ya fedha, wageni walitoa fedha zao Lagos, na bei ya mafuta, ambayo ndiyo mhimili wa Nigeria, ikaporomoka kutoka dola 147 kwa pipa mwezi wa Julai hadi chini ya dola 40 kabla ya mwaka kwisha. Hisa zikaanguka. Makampuni ya sanduku la posta hayakuwa na kitu cha kulipia. Waliokopa kununulia mafuta ya kuuza nao wakakwama. Sanduku likawa tupu, lakini daftari bado liliandikwa kwamba limejaa.

Juni 2009 Benki Kuu ilipata Gavana mpya, Bwana Sanusi Lamido Sanusi, mjukuu wa Emir wa Kano, mtu wa maneno makali na tai ndogo ya kipepeo shingoni. Huyu hakutaka kusomewa ripoti zilizoandikwa na wenye benki wenyewe. Akawatuma wakaguzi wake, pamoja na wale wa shirika la bima ya amana, wakakae ndani ya benki wakahesabu. Ijumaa tarehe 14 Agosti, 2009, akawaondoa kazini kwa siku moja wakuu wa benki tano: Oceanic, Intercontinental, Union Bank, Afribank na Finbank. Katika mikopo yote ya benki hizo tano, kiasi cha asilimia 40 ilikuwa mikopo isiyolipwa. Msomaji na alipime jambo hilo kwa kipimo cha nyumbani: muuza duka aliyekopesha magunia kumi ya sukari, na wateja wa magunia manne hawaonekani tena.

Siku chache baadaye Benki Kuu ilichapisha magazetini orodha ya wadaiwa wakubwa, majina yao na kiasi wanachodaiwa. Kelele zilizotoka zilisikika mbali. Mabwana waliozoea kuonekana katika picha za harusi na za kupokea nishani, sasa walionekana katika orodha ya wasiolipa. Wengine walitishia kwenda mahakamani. Wengine, kwa ajabu, walikumbuka siku hiyo hiyo mahali walipoweka vitabu vyao vya hundi.

Februari 2010 Gavana Sanusi alihutubia Chuo Kikuu cha Bayero mjini Kano, akaeleza mambo manane yaliyoziangusha benki. Bila kutaja jina la mtu, alisema ya kwamba kulikuwa na mkuu wa benki aliyetawala zaidi ya theluthi moja ya hisa za benki yake kwa kutumia makampuni yaliyokopa amana za wateja. Yaani mtu alijifanya mwenye mali kwa mali ya aliowekewa awatunzie. Twapenda kukumbusha kwamba maneno hayo yalisemwa katika ukumbi wa chuo, si mahakamani, na kwamba yale mashitaka 22 yaliyoachwa dhidi ya Bibi Ibru hayakusikilizwa. Kwa hiyo haifai mtu yeyote kuyahesabu kuwa yamethibitishwa. Tuna deni la haki hata kwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Yaliyothibitishwa kwa ungamo lake mwenyewe yatosha. Kwanza, aliidhinisha mkopo uliopita kiwango alichoruhusiwa. Pili, aliruhusu mkopo mwingine mkubwa utoke bila rehani ya kutosha. Tatu, hesabu za benki zilitolewa zikionyesha hali isiyokuwa ya kweli. Tazama jinsi sheria inavyoyapa makosa hayo majina ya upole. Kijana akichukua simu ya mtu sokoni, shitaka lake lina neno moja tu, nalo kila mtu alijua tangu utoto: wizi. Lakini yakichukuliwa mabilioni kwa kalamu, lugha yenyewe huvua viatu na kutembea kwa ncha za vidole: kupita kiwango, kutotimiza masharti, usimamizi usioridhisha. Mwenye kusoma shitaka la namna hiyo angedhani kwamba ni karani aliyechelewa kufika ofisini.

Na katika makosa matatu hayo, sisi twaona lile la tatu ndilo baya kuliko yote, ijapokuwa watu wengi hawalitaji. Mkopo mbaya waweza kutolewa na mtu mwema aliyekosea. Lakini hesabu ya uongo haina ajali. Ni barua aliyoandikiwa mwalimu mstaafu wa kule Warri au Enugu ikimwambia: lete akiba yako, hapa pana usalama; na aliyeiandika alijua kwamba hapana. Wakurugenzi waliizunguka meza wakaipitisha, na wakaguzi wa hesabu waliolipwa kuichunguza wakaweka sahihi. Jaji hakuwa nao mbele yake siku ile. Laiti wangalikuwapo.

Basi, je, miezi sita ilikuwa haki? Wako wasemao kwamba Serikali ya Nigeria ilifanya vyema kupatana naye, na hoja yao si ya kudharauliwa. Kesi za fedha ni ndefu kuliko umri wa baadhi ya mashahidi. Tangu Bibi Ibru alipoondolewa kazini hadi siku aliporudisha mali ilipita miezi 14 tu. Linganisha na wenzake. Mkuu wa Intercontinental, Bwana Erastus Akingbola, alikwenda Uingereza, na ilipasa kumfuata huko kwa kesi ya madai, hata mahakama ya London ikaamua mwaka 2012 kwamba alipe paundi milioni 654. Mkuu wa zamani wa Bank PHB, ambayo ilikutwa na maradhi hayo hayo Oktoba 2009, alihukumiwa na Mahakama Kuu ya Jimbo la Lagos mwezi Juni 2021, kifungo cha miaka 6 kwa wizi wa naira bilioni 25.7. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 12. Katika muda huo majumba huuzwa, hisa huhamishiwa majina ya watoto, mashahidi huzeeka, na mawakili hujenga nyumba zao wenyewe. Mwenye kuchukua bilioni 191 mkononi leo kuliko kungoja bilioni mia tatu za mwaka usiojulikana, hakufanya upumbavu.

Twaikubali hoja hiyo mpaka hapo, lakini hatuendi nayo zaidi. Kurudisha mali si adhabu. Aliyechukua ng'ombe wangu akanirudishia, amenirudishia ng'ombe wangu. Bado hajalipa kitu kwa kuvunja zizi. Mtu akijua kwamba akikamatwa atarudisha, na asipokamatwa atakula, hapo sheria haimtishi, bali imemfungulia biashara isiyo na hasara. Na miezi sita hiyo yenyewe, sehemu yake ilipita hospitalini na si gerezani. Hatumwombei mama mwenye umri ule taabu ya mwili, wala hatuna furaha kumwona mgonjwa akiwekwa kifungoni. Ila Nigeria ina wafungwa wengi wagonjwa, na wengine wao wako gerezani kwa miaka wakingoja tu kesi zao zisikilizwe, nao hawana chumba cha hospitali chenye mlinzi mlangoni.

Tungalipenda kuona nini? Mali yote irudi, na mapatano hayo yapunguze kifungo, lakini yasikigeuze kuwa safari fupi. Kiungamo kinastahili huruma. Hakistahili kununua hukumu. Na zaidi ya kifungo, tungalitaka Bibi huyo asimame mbele ya umma aeleze kwa mdomo wake jinsi mchezo ulivyochezwa: makampuni yale yaliundwaje, nani katika halmashauri aliuliza na nani alinyamaza, wakaguzi waliambiwa nini. Mapatano yalimwondolea haja ya kusema. Nchi ilipata majumba 94 ikakosa maelezo, na sisi twaamini maelezo yangalikuwa na faida kuliko nusu ya majumba.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kuliruka. Katika wakuu watano walioondolewa Agosti 2009, Bibi Ibru alikuwa mwanamke peke yake, na alikuwa wa kwanza kuhukumiwa. Tuliwasikia wanaume wakitikisa vichwa na kusema haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke funguo. Maneno hayo ni upuuzi. Wale wanne wengine walivaa suruali, na benki zao zilikutwa tupu vile vile. Wala hakuna mtu aliyesema kwamba hayo ni matokeo ya kumpa mwanamume funguo.

Tena wako wasemao, kwa sauti ya kujituliza, kwamba mwisho wa yote hakuna mwenye akiba aliyepoteza. Ni kweli kwamba Benki Kuu ya Nigeria haikuziacha benki zile zifunge milango. Ilitia naira bilioni 620 katika benki nane, na milango ikabaki wazi, na mama wa sokoni akaweza kutoa fedha zake Jumatatu kama Ijumaa. Lakini fedha hizo zilitoka wapi? Julai 2010 Nigeria iliunda shirika la kununua madeni mabovu, liitwalo AMCON, ambalo lilizipa benki hati za dhamana ya Serikali, nalo likabaki na madeni. Ili shirika hilo liweze kulipa, kila mwaka benki zote hutozwa mchango kwa kipimo cha mali zao. Na benki itozwapo, mteja ndiye alipaye: katika riba ya mkopo wake, katika ada ya kila hundi, katika faida ndogo apewayo juu ya akiba. Kwa hiyo mama wa sokoni alizipata fedha zake zote siku ile, kisha akaanza kuzilipa tena kidogo kidogo kwa miaka mingi bila kuandikiwa risiti.

Na wenye hisa je? Hao hata hawakupewa faraja hiyo. Mwaka 2011 Oceanic Bank ilichukuliwa na Ecobank, ambayo makao yake makuu yako Lomé, nchini Togo, na ambayo matawi yake yamefika hata Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Jina la bahari likashushwa kutoka katika mapaa ya Lagos. Mstaafu aliyenunua hisa za Oceanic wakati bei iko juu alijikuta ana karatasi nyingine ya thamani nyingine, ndogo kuliko ya kwanza, na hakuna mtu aliyemwuliza kama amekubali.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wasidhani kwamba hizi ni habari za mbali. Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliifunga Imperial Bank baada ya kugunduliwa udanganyifu mkubwa ndani yake, na Aprili 2016 ikaifunga Chase Bank. Huko Nairobi watu walikuta milango imefungwa kweli kweli. Bima ya amana ya nchi ile wakati huo ilikuwa shilingi 100,000 tu kwa kila mtu. Baadaye ukafanywa mpango wenye akiba katika Imperial walipwe mpaka shilingi milioni moja, na mwenye zaidi ya hapo akaambiwa angoje. Tulimsoma mmoja akilalamika ya kwamba alimwamini mkuu wa benki hiyo kwa sababu walikuwa wakisalimiana kwa majina. Huyo alisahau, kama watu wengi wasahauvyo, kwamba mwizi wa kalamu daima ni mtu tunayesalimiana naye. Asiyejulikana hawezi kupewa funguo.

Lile sanduku la bwenini kwetu lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mwalimu mlezi, na wa pili ulitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakuna aliyemdhania mlezi kuwa mwizi. Alikuwa mcha Mungu na tulimpenda. Kila mwisho wa mwezi wawili hao walifungua pamoja na kuhesabu kwa sauti, na daftari likatiwa sahihi mbili. Mwalimu mlezi mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo, na kila baada ya muda alikabidhi kazi hiyo kwa mwingine, akapumzika.

Nigeria nayo ilikuja kuweka kanuni ya namna hiyo. Januari 2010, Benki Kuu ilitangaza kwamba hakuna mkuu wa benki atakayekaa katika kiti hicho zaidi ya miaka kumi, na wale waliokwisha kuipita wakatakiwa waondoke ifikapo tarehe 31 Julai ya mwaka huo. Wengi walinung'unika kwamba kanuni hiyo yawaondoa watu hodari waliozijenga benki kwa mikono yao. Bibi Ibru alikuwa amekaa miaka 12. Kama kanuni hiyo ingalikuwapo tangu alipokabidhiwa funguo mwaka 1997, angaliondoka mwaka 2007 kwa sherehe na maua, akiwa na jina lake lote, na kipimo cha hisa za Lagos kikiwa hakijafika kileleni.